Kufumba Jicho

Sekela Mwandambo alikuwa na maumivu ya viungo vya vidole tangu ujana wake, na ndiyo sababu hakuna mhariri mwingine katika Ofisi ya Waraka aliyezijua njia za mkato kama yeye. Wenzake waliandika neno zima. Yeye aligusa vitufe viwili na neno likajiandika. Wenzake walishuka mstari kwa mstari wakibonyeza mshale. Yeye alishikilia kitufe cha Kontroli kwa kidole gumba, akagusa herufi moja, na kishale kikaruka hadi mahali alipopataka. Bupe Mwaipaja, rafiki yake aliyekaa naye meza moja, alizoea kuwaambia wageni wa ofisi kwamba ukimtazama Sekela mikono utadhani hafanyi kazi, mpaka utazame skrini yake.

Asubuhi hiyo alikuwa anahariri kifungu cha mjane mmoja wa mtaa wa juu ambaye mwanawe alikuwa amerudi nyumbani na mke na watoto. Kifungu kilisema nyumba hiyo ipate maji ya mfereji wa mashariki asubuhi na jioni. Sekela alikisoma chote. Jicho, kamera ndogo kama punje ya mtama iliyokaa juu ya skrini, lilifuata mboni zake kutoka neno hadi neno, na aliposoma la mwisho taa yake ikawa ya kijani. Ndipo akaongeza neno "mchana" na kuhifadhi. Mbali na pale, ukingoni mwa mfereji, lango dogo la chuma lilijifungua lenyewe na maji yakaanza kwenda kwa mjane.

Malango ya Bonde la Ngolela hayakuwa na vishikio. Viling'olewa baada ya miaka ya ukame, wakati kila mwenye nguvu, au mwenye ndugu kwenye mfereji, alipojifungulia maji na kuwaacha wengine wanakinga umande. Watu wa bonde wakakubaliana kwamba tangu hapo malango yatatii maneno tu. Kila nyumba, kila shamba na kila zahanati ikaandikiwa kifungu chake katika Waraka, na malango yakaunganishwa na Waraka. Waliweka na masharti mawili ambayo watoto walifundishwa shuleni. La kwanza, hakuna sentensi ya jumla itakayokuwa juu ya kifungu cha mtu, asije akatokea mkubwa siku moja akawakatia watu maji kwa mstari mmoja. La pili, hakuna kifungu kitakachobadilishwa kabla mtu hajakisoma chote kwa macho yake.

Sekela alikuwa anafungua kifungu kingine pale simu ya upepo iliyokuwa mezani kwa Mhariri Mkuu ilipoanza kukoroma. Alikuwa Ipyana, mhandisi wa mifereji. Alizungumza polepole, kama mtu anayejizuia asikimbie. Mvua za wiki nzima zilikuwa zimelegeza kilima, na kilima kimeukalia mfereji wa mashariki. Ukuta umepasuka upande wa bondeni. Bado umeshikilia, lakini ufa unaongezeka, na chini yake ni mtaa wa Ikomelo.

Mhariri Mkuu, Mzee Nsajigwa Kibona, alimwuliza anataka nini.

"Nataka mfereji uwe mtupu kabla ukuta haujaachia," Ipyana alisema. "Hapa sina cha kufunga, Mkuu. Mnaofunga ni ninyi."

---

Walijua alichomaanisha. Lango kuu la bwawa lilifanya hesabu moja tu: lilijumlisha maji yote yaliyoombwa na vifungu, likaachia kiasi hichohicho. Maadamu vifungu viliendelea kusema "mfereji wa mashariki", bwawa lingeendelea kumwaga maji mashariki, ufa uwepo usiwepo. Njia ilikuwa moja, kuvihamishia vyote mfereji wa magharibi, uliokuwa mwembamba na wenye maji ya magadi, lakini mzima. Na vifungu hivyo vilikuwa maelfu. Kwa wahariri sita wanaosoma kila neno chini ya Jicho, hiyo ilikuwa kazi ya wiki.

Mzee Nsajigwa alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mhariri, na hata siku hiyo aliwakusanya kama darasa. Aliwaeleza kwamba ipo njia ambayo haijawahi kutumika tangu Waraka uanze. Jicho linaweza kufumbwa. Zinahitajika funguo mbili, wake na wa mhariri atakayefanya kazi, na zikishakaa mahali pake mashine ya mhariri huyo peke yake itakubali mabadiliko bila kuuliza yamesomwa na nani. Ila jina la mhariri huyo litaandikwa chini ya kila kifungu alichokigusa, na madhara yoyote yatakayompata mwenye kifungu yatakuwa juu yake.

Hakumtaja mtu. Hapakuwa na haja, kwa kuwa wote walikuwa wanamwangalia Sekela. Kufumba Jicho na kuandika kwa mkono kusingesaidia kitu. Ilitakiwa makro, na aliyejua kutengeneza makro alikuwa yeye. Makro ni vidole vilivyorekodiwa. Mhariri anabonyeza kitufe cha kurekodi, anaifanya kazi mara moja, mashine inakariri kila alichobonyeza, halafu inarudia yenyewe hadi iambiwe basi. Sekela alizitumia kila siku kwa mambo madogo, kupanga majina, kuondoa nafasi zilizozidi. Hakuwahi kuielekeza makro kwenye maneno ya watu.

Aliomba kwanza asome vifungu vichache. Bupe akamwambia muda hakuna. Sekela akajibu kwamba anajua, akaanza kusoma.

Vingi vilifanana kama matofali ya tanuri moja: nyumba ya fulani ipate maji ya mfereji wa mashariki, asubuhi na jioni. Kisha akakutana na nyumba ya Lwitiko Kasebele. Kifungu kilisema ipate maji ya mfereji wa mashariki, isipate ya magharibi kamwe, kwa sababu mle ndani mna mashine ya kusafisha damu na magadi yataiua mashine na mwenye mashine. Makro ya kubadilisha neno moja ingepita hapo bila kusita. Ingeandika ipate ya magharibi, isipate ya magharibi, na lango likikuta maneno yanayopingana hujifunga.

Alimwonyesha Mkuu. Mzee Nsajigwa alikisoma mara mbili, akavua miwani.

"Ikomelo kuna watu wangapi?" aliuliza, japo alijua.

"Wengi, Mkuu. Na sijui kina Lwitiko ni wangapi. Ndiyo shida yenyewe."

Mzee alisema kwamba mtu akitazama mizani hiyo hawezi kukaa anasubiri. Sekela hakubishana naye kuhusu mizani. Alimwambia atafumba Jicho, lakini kwa makro yake mwenyewe: ivihamishe vile vinavyofanana, na ikikuta kifungu chenye neno lolote la kuzuia, kama ila, lakini, isipokuwa, kamwe, isikiguse. Ikirushe kwenye skrini za wenzake, ambako Jicho liko wazi, wakisome na kukiamua kama sheria inavyotaka. Mkuu akakubali. Wakaweka funguo zao. Taa iliyokuwa juu ya skrini ya Sekela ikazimika, naye akahisi baridi ya ghafla kwenye paji la uso, kama mtu aliyekuwa anaangaliwa na mama yake maisha yote kisha mama akageuka.

Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Tafuta. Pima. Badilisha au rusha. Nenda kinachofuata. Akasimamisha rekodi, akashusha pumzi, akabonyeza cha kurudia.

---

Skrini ikaanza kutiririka. Vifungu vilipita haraka kiasi kwamba vilionekana kama mvua juu ya kioo, na kila vilipopita, malango yaliyotawanyika katika bonde lote yalijifunga upande mmoja na kujifungua mwingine. Kwenye simu ya upepo Ipyana alisema maji yameanza kupungua mferejini. Si mengi, lakini yanapungua. Wahariri watano walikuwa wameinamia skrini zao wakisoma vile vilivyorushwa. Kifungu cha Lwitiko kiliangukia kwa Bupe. Aliamua nyumba hiyo iletewe maji safi kwa gari la zahanati hadi mfereji utakapopona, akakiandika hivyo, Jicho likawa kijani.

Bupe alikuwa anafanya kazi vizuri kuliko wote, na alikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Mwaipaja, aliishi Ikomelo, nyumba ya mwisho kabisa karibu na matanuri ya matofali, na miguu yake ilikuwa imegoma kutembea tangu mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa amezikwa uani hapohapo. Bupe alikuwa amempigia baba simu, na baba akamwambia gari la vipaza sauti limepita linatangaza watu wahame, naye amelisikia, na kwamba mwanamke ambaye hakumwacha alipokuwa hai hawezi kumwacha leo kwa ajili ya matope.

Sekela hakuiacha mvua ile ya maneno ipite hivihivi. Hakuweza kukisoma kila kifungu, hakuna binadamu ambaye angeweza, lakini aliyaacha macho yashike kinachoshikika. Ndivyo alivyoona neno moja likipita ambalo lilimfanya apige kitufe cha kusimamisha kabla hajajua kwa nini.

Alirudi nyuma akakitafuta. Nyumba ya Tumwitike Sanga isipate maji ya mfereji wa mashariki. Basi. Hapakuwa na kamwe, hapakuwa na ila, hapakuwa na neno lolote katika yale aliyoyaorodhesha. Makro ilikuwa imeshaandika isipate maji ya mfereji wa magharibi, na nyumba hiyo, iliyokuwa ikinywa magharibi miaka yote kwa kuwa mifereji ilikuwa miwili tu, ikabaki haina tone.

Ikamjia akilini vizuri sasa. Katika lugha yao mtu hahitaji neno la pekee ili akatae. Anachukua "si" moja anaichomeka katikati ya kitenzi: ipate, isipate, apewe, asipewe, wafungiwe, wasifungiwe. Mwenye kusoma anaiona mara moja. Mashine ilikuwa inapita juu yake kama gari juu ya kokoto.

Akarekodi upya, akaongeza "si" kati ya mambo ya kusimama nayo, akaitangulizia makro kazi ya kurudi kwenye vifungu vilivyokwisha kupita. Mara skrini za wenzake zikafurika. Kila kifungu chenye kisima kilisimama. Kila chenye siku na msimu kilisimama, kwa kuwa "si" imo ndani ya maneno hayo. Kila nyumba ya mtu aitwaye Asifiwe ilisimama, na katika bonde lile kina Asifiwe walikuwa hawana idadi. Utiririkaji ukawa wa kusuasua. Kwenye simu ya upepo Ipyana aliuliza kuna nini, mbona maji yameacha kushuka.

Bupe aliinuka kwenye kiti chake.

"Itoe hiyo 'si'," alisema.

"Nikiitoa, ipate na isipate ni kitu kimoja kwa mashine."

"Baba yangu yuko Ikomelo, Sekela."

"Najua alipo."

"Basi itoe. Wachache watakaokosa maji watakosa leo, kesho tutawarudishia. Ukuta ukianguka nitamrudisha nani?"

Hilo halikuwa neno la mpumbavu, na Sekela hakulichukulia hivyo. Alifikiria nyumba zenye mashine kama ya Lwitiko, na vyumba vya kuzalishia, na watu ambao hata hakujua wana nini, kwa maana hakuwa amewasoma. Kesho kwao huenda isingefika. Lakini pia huenda hakuna hata mmoja wao aliye katika hatari, na Ikomelo ilikuwa pale, inaonekana, ina sauti, ina jina la baba wa rafiki yake. Mzee Nsajigwa alikuja akasimama nyuma yao. Alisema kwa upole kwamba Bupe ana hoja, na kwamba pengine ingefaa waiondoe, wapitishe vyote, halafu waanze kurekebisha.

Sekela aliweka mkono wake juu ya ufunguo wake.

"Mkuu, nikiuchomoa huu Jicho linafumbuka, tunarudi kusoma kimoja kimoja. Sitaki kufanya hivyo. Lakini jina linaloandikwa chini ya watu hawa ni langu, na sitaliweka chini ya mtu aliyesema sitaki nikamwandika anataka."

Hakupaza sauti. Mzee akarudi kwenye simu ya upepo. Bupe aliendelea kusimama.

"Nenda kwa baba yako," Sekela akamwambia. "Kiti chako nitakisomea mimi."

"Utasomea kwa macho yapi? Jicho lako umelifumba." Bupe akakaa, akavuta kibodi, akaendelea kusoma kina Asifiwe. Machozi yalimtoka lakini hayakumzuia kuona, na Jicho lake lilizidi kuwaka kijani, kifungu baada ya kifungu.

Sekela akaisimamisha makro kwa mara nyingine. Kila aliyekuwemo chumbani alijua kwamba kila pumzi ya kusimama huko ilikuwa maji yaliyobaki mferejini. Vidole vilikuwa vimeanza kuvimba, na kile cha shahada cha kulia hakikutaka tena kukunjika, ikabidi abonyeze kwa kifundo. Alifikiria kitenzi. Hiyo "si" ya kukataa haikai ovyo. Hukaa mwanzoni mwa neno, ikitanguliwa tu na mtu au kitu kinachokataliwa. Isi, asi, wasi, yasi, lisi, zisi. Kisima hakina hizo mwanzoni. Siku haina, msimu hauna. Kina Asifiwe watasimama, hilo hawezi kulikwepa, lakini wengine watapita. Aliandika, akajaribu kwenye vifungu vichache, akakuta kosa, akarekebisha, akajaribu tena. Akabonyeza.

Mvua ikarudi kwenye kioo. Skrini za wenzake zikapungua hadi kiasi cha watu kuweza kusoma. Ipyana akasema maji yanashuka, yanashuka vizuri, sasa anauona mchanga wa pembeni. Wahariri hawakuinua macho. Walisoma. Sekela aliangalia maneno yakipita, na mara kwa mara aliona jina la mtu anayemjua, na kila alipoliona alijikuta ameitika moyoni.

Ilikuwa alasiri, makro imebakiza kipande kidogo cha mwisho, pale simu ya upepo ilipokoroma bila maneno, halafu ikanyamaza, halafu sauti ya Ipyana ikasema ukuta umekwenda.

---

Maji yaliyokuwa yamebaki mferejini hayakuwa mengi. Kama ukuta ungeachia asubuhi, wahandisi walisema baadaye, Ikomelo nzima ingesombwa hadi mtoni. Yaliyobaki yalitosha kubeba matanuri ya matofali na nyumba za mwisho. Watu walikuwa wameshaondoka. Wachoma matofali ndio waliomtoa Mzee Mwaipaja. Walimng'oa kwenye kiti chake akiwatukana, wakamlaza juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe walioutoa kwenye bawaba, wakapanda naye mlima.

Nyumba ilikwenda. Uani hakikubaki kitu. Udongo ulichimbwa na maji hadi kwenye mwamba, na kaburi la mama yake Bupe likaenda pamoja nao.

Hakuna aliyeweza kusema kama zile pumzi ambazo Sekela aliisimamisha makro ndizo zilizoliondoa kaburi lile. Ipyana alipoulizwa alisema ukuta haupimwi hivyo. Lakini Bupe hakuuliza Ipyana. Alirudi kazini baada ya siku za pole, akahamia meza ya dirishani, na akawa anamwita Sekela "mhariri" kama wanavyoitana watu wasiojuana.

Kwa upande mwingine, vile vifungu vya "si" vilipohesabiwa ilionekana vilikuwa vingi kuliko alivyodhani mtu yeyote. Nyumba ya Lwitiko haikuwa peke yake. Mzee Nsajigwa alimwita Sekela ofisini kwake, akamweleza haya, na kumpa mkono. Kisha akafunga mlango na kumwambia jambo alilomwitia. Halmashauri ya bonde ilikuwa imekaa. Imeona kwamba kilima kinaweza kuanguka tena, hiki au kingine. Inataka ile makro ihifadhiwe, ipewe kitufe chake, funguo zikae tayari.

Sekela alimwambia makro haipo. Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, naye alipoizima mashine siku ile ikapotea. Hakuihifadhi kwa makusudi.

"Vidole vyako vinaijua," mzee alisema.

"Vinaijua, Mkuu."

"Basi irekodi upya. Sasa tunao muda, uifanye vizuri zaidi."

Sekela alikuwa amelifikiria jambo hili tangu siku ile, na hakuhitaji kutafuta maneno. Alimwambia kwamba wazee walioandika Waraka walikataza sentensi moja iliyo juu ya watu wote, na makro ni sentensi hiyo. Siku ile iliandikwa kuhamisha mfereji. Kesho mtu mwenye funguo mbili ataandika neno jingine mahali pa "mashariki". Ataandika jina la mtaa, au la ukoo, na malango hayatamwuliza kwa nini. Mzee akamjibu kwamba yeye na wenzake si watu wa namna hiyo. Sekela alikubali kwamba si watu wa namna hiyo. Akasema pia kwamba hawatakalia viti hivyo milele.

"Na kilima kikianguka tena?" Mzee Nsajigwa alikuwa hajakasirika. Alikuwa anauliza kweli. "Utasimama hapa uniambie nini? Utamwambia Bupe nini?"

"Nipe mashine ya kubeba mkononi, yenye Jicho. Nitakwenda nyumba kwa nyumba. Nitamsomea kila mtu kifungu chake, kwa sababu wengi nimewabadilishia bila kuwasoma, na nitamwuliza mwenyewe: hatari ikitokea, tufanye nini na maji yako? Atakachosema nitakiandika humohumo, kiwe neno lake. Siku kilima kikianguka, mfereji utafungwa kwa sababu kila mtu alikwisha kusema ufungwe, na asiyetaka tutamjua mapema."

Mzee alimwambia hiyo ni kazi ya miaka. Halmashauri haitasubiri miaka, na inaweza kumtafuta mtu mwingine wa kuirekodi. Sekela alisema wanaweza, na huyo mtu atakuwa na jina lake chini ya kazi yake. Jina la Sekela halitakuwepo. Kama ni lazima aache kiti, ataacha. Mzee alitazama nje, upande ambako zamani ulionekana moshi wa matanuri. Mwishowe akafungua kabati na kumtolea mashine. Alimwambia atamtetea mbele ya Halmashauri kadiri atakavyoweza, na kwamba hiyo kadiri yenyewe haijui.

---

Angeweza kuanzia popote. Aliamua kuanzia pale palipokuwa pagumu.

Mzee Mwaipaja alikuwa anaishi kwa Bupe, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga mtaa wa juu, kitanda kikiwa karibu na mlango ili aone njia. Sekela alibisha hodi Jumamosi baada ya saa za kanisa la Wasabato lililokuwa jirani, nyimbo zilipokwisha. Bupe alifungua, akamwona, akaona na mashine. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliuacha mlango wazi akarudi kusimama jikoni.

Sekela alimwamkia mzee shikamoo, akampa pole, akakaa kwenye kigoda. Alimweleza kwamba hakutumwa na mtu, amekuja kwa hiari yake. Alisema kwamba siku ya maporomoko alikibadilisha kifungu chake bila kukisoma, na kwamba kabla ya hapo aliisimamisha kazi kwa sababu ya watu wengine, na kwamba huenda bila kusimama huko maji yasingefika uani kwake. Alisema hayo yote bila kupunguza.

Mzee aligeuza macho kwenye mashine. Kisha akamwambia asome.

"Nyumba ya Andembwisye Mwaipaja ipate maji ya mfereji wa magharibi, asubuhi na jioni," Sekela alisoma.

"Nyumba gani?"

"Ile ya Ikomelo, baba."

"Kwa hiyo mpaka leo lango linamwaga maji pale, kwenye mwamba."

Sekela alikiri kwamba ndivyo. Hakuna aliyekuwa amekisoma. Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, akasema marehemu mke wake alikuwa mtu wa kufua sana, angeyapenda. Halafu uso ukambadilika. Alisema wachoma matofali wamerudi pale chini na kujenga vibanda, na vijana hao wanachota maji mtoni kwa madumu. Maji yake wapewe wao. Yeye hapa anakunywa ya binti yake.

Sekela aliandika, polepole, neno zima kwa neno zima. Kisha akamwuliza swali lililomleta. Hatari ikitokea tena, siku hakuna muda wa kusomana, maji haya yafanyweje? Yakatwe?

Mzee aliyafikiria haya kuliko yote yaliyotangulia. Aliuangalia mlango ulio wazi na njia ya chini.

"Andika wakate," alisema. "Mimi si mtu wa kuzuia wenzangu wasipone. Ila waje waniambie kwanza. Hata kama ni kwa kupita wanapiga kelele njiani, waniite jina, nisikie ni mimi. Wale vijana waliponitoa nyumbani walinibeba kama gunia, hakuna aliyeniita."

Sekela aliandika: hatari ikitokea yakatwe, ila mwenye kifungu aambiwe kwanza. Alikuwa anataka kuhifadhi pale alipohisi mtu nyuma yake. Bupe alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga, anasoma juu ya bega lake kama alivyokuwa akisoma meza moja miaka ile yote.

"Amesema aitwe jina," Bupe alisema. "Wewe umeandika aambiwe. Si neno lake hilo."

Sekela akafuta neno hilo. Akamsogezea mashine rafiki yake. Bupe alijifuta unga kwenye kanga, akapiga goti kando ya kitanda, akaandika: ila aitwe kwanza kwa jina lake, Andembwisye. Kisha akakisoma kifungu chote kwa sauti ili baba yake asikie, kutoka mwanzo hadi mwisho, na Jicho likamfuata.